Wino wa rangi, na karatasi iupokeayo



Swali la juma hili limetoka kwa mwanafunzi mmoja wa sekondari. Amenunua kichupa cha wino wa rangi ya urujuani, ile ambayo wengi kwetu huiita violeti, akaandika kwa stilo yake katika kaye mbili. Katika kaye ya kwanza herufi zilisimama safi, rangi ikiwa nzito mahali pamoja na nyepesi mahali pengine, naye akafurahi. Katika ya pili kila herufi iliota nywele kama kiwavi, na nyuma ya ukurasa pakajaa madoa. Auliza: Je, wino huu ni mzuri ama ni mbaya? Tena auliza kama yafaa kabisa kuandika kwa rangi ya namna hiyo, au ni utoto tu.

Wino ni uleule. Zilizotofautiana ni karatasi. Wanunuzi wengi hutazama kichupa tu, na ndani ya kichupa karibu kila wino waonekana mweusi, kwa sababu mwanga haupenyi katika maji mengi yenye rangi nzito. Rangi ya kweli hutokea wino ukitandazwa mwembamba, na wembamba huo waamuliwa na ncha ya kalamu pamoja na karatasi. Kwa hiyo hatuwezi kuliachanisha swali la rangi na swali la karatasi.

Tuanze na violeti yenyewe, kwa maana ina historia ndefu, tena imeanzia mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana Mwingereza William Henry Perkin, mwenye miaka 18, alikuwa nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kinini kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kinini, dawa ya malaria tuijuayo vema sisi watu wa nchi hizi, ilipatikana wakati ule katika maganda ya mti wa sinkona tu, nayo ilikuwa ghali. Perkin hakuipata. Alipata takataka nyeusi chini ya chombo, na alipoiosha kwa alkoholi ikatoa rangi nzuri ya urujuani, iliyoshika katika hariri wala haikutoka kwa kufuliwa. Yule aliyetafuta dawa ya homa akawa mfanyabiashara wa rangi, na tajiri. Miaka 5 baadaye, mwaka 1861, Mfaransa Charles Lauth alipata rangi nyingine ya jamaa hiyo, violeti ya methili, na hiyo ndiyo iliyoingia mashuleni.

Kwa nini iliingia? Kwanza kwa urahisi: walimu waliweza kununua unga, kuukoroga katika maji na kujaza vidau vya darasa zima. Pili, wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma ulikuwa na asidi iliyokula ncha za kalamu, na ncha zile za chuma zilikuwa zimeanza kuenea kila mahali, violeti haikuzila. Hivyo vizazi vingi vya watoto wa Ufaransa vilijifunza kuandika kwa violeti, wakichovya kalamu ya Sergent-Major katika kidau cha kauri kilichotiwa ndani ya tundu la dawati, na kurudi nyumbani na vidole vya urujuani. Mambo hayo yaliendelea hata baada ya Bic kuanza kuuzwa mwezi wa Desemba 1950. Tarehe 3 Septemba 1965 ndipo waraka wa wizara ya elimu ya Ufaransa uliporuhusu kalamu hizo mpya shuleni, na vidau vikaanza kukauka. Lakini violeti haikufa. Nyumba ya Herbin, ambayo yajihesabia umri wake tangu mwaka 1670, hata leo yauza wino uitwao Violette Pensée, yaani rangi ya ua la pensée, na wazee wa Ufaransa wakiuona huitambua mara moja rangi ya utoto wao.

Kaye iliyozoeana na wino huo nayo ina mwanzo wake. Mwaka 1892 muuza vitabu wa Pontoise, karibu na Paris, Jean-Alexandre Seyès, aliandikisha mistari aliyoibuni: miraba ya milimita 8, na ndani yake mistari myembamba kila milimita 2, ili mtoto ajue herufi fupi zaishia wapi na zile ndefu zapanda mpaka wapi. Mistari hiyo imepigwa kwa rangi hafifu makusudi, ili wino wa mtoto uonekane juu yake na mistari ikae nyuma. Hili ni jambo la kwanza la kutazama katika kaye yo yote, na mara nyingi halitazamwi. Ukiandika kwa wino mwepesi, kama kijivu au rangi ya waridi, katika kaye yenye mistari mizito ya bluu, msomaji wako atasoma mistari.

Sasa karatasi. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolazwa pamoja, na kila uzi wapenda kunywa maji. Karatasi isiyotiwa dawa yo yote ni ile tuitumiayo kukaushia wino: ukiiandikia, herufi zapotea. Ili karatasi iweze kuandikwa, watengenezaji huizuia isinywe. Zamani huko Ulaya walizichovya karatasi katika mchuzi wa sherisi uliochemshwa kutoka katika ngozi na kwato za wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza njia nyingine, ya kutia utomvu wa msonobari pamoja na shabu ndani ya uji wenyewe wa karatasi. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa mitambo, ikaenea. Lakini shabu huleta asidi, na ndiyo sababu moja ya vitabu vingi vya karne ya 19 kuwa vya manjano na kuvunjika pembeni kama majani makavu. Leo viwanda vingi vimeiacha asidi, vyatumia dawa nyingine. Lakini kazi ni ileile: kuufanya wino ukae juu, ukauke taratibu, usikimbie kwa kufuata nyuzi.

Kaye ya pili ya mwanafunzi wetu haikutiwa dawa hiyo ya kutosha. Wala asidhani kwamba dawa ya jambo hilo ni kununua karatasi nene. Karatasi ya mashini za kunakili kwa kawaida ina gramu 80 kwa mita ya mraba, na nyingine za namna hiyo huutawanya wino vibaya sana. Kumbe Wajapani wametengeneza karatasi iitwayo Tomoe River yenye gramu 52 tu, nyembamba hata waona kivuli cha maandiko ya upande wa pili, nayo haipenyi wala haitawanyi. Kwa Wafaransa, kiwanda cha Clairefontaine, kilichoanzishwa mwaka 1858 katika milima ya Vosges, chafanya kaye za gramu 90 zenye uso laini kama yai. Karatasi hizo ni ghali, nami simshauri baba wa watoto sita azinunue kwa ajili ya mazoezi ya hesabu. Lakini hata katika duka la sokoni kaye hazilingani, na mwenye macho ataweza kuchagua.

Jinsi ya kuchagua ni hii. Omba ruhusa ya kujaribu kwenye ukurasa wa mwisho, au nunua kaye moja kabla ya kununua kumi. Andika neno, kisha piga mistari michache inayokatana, kisha ishikize ncha mahali pamoja mpaka uhesabu tatu. Ngoja kidogo. Tazama kingo za mistari: je, zimekatwa safi au zimeota nywele? Geuza ukurasa: je, lile tone limetoka upande wa pili? Kama huna kalamu, tone la maji kwenye kidole litakuambia karibu sawa. Katika karatasi nzuri tone hukaa limesimama, katika karatasi mbaya hutandaa mara na kuacha doa la kijivu. Tena tazama zote mbili, uso na nyuma, kwani si nadra upande mmoja kuwa bora kuliko mwingine. Na wakati wa mvua msiziweke kaye chini sakafuni au kwenye ukuta wenye unyevu. Karatasi iliyovuta maji hutawanya wino hata kama ilinunuliwa njema. Jasho la mkono nalo laharibu kwa njia nyingine: mafuta ya ngozi huzuia wino usishike, na mstari wakatika katikati ya neno. Walimu wa zamani walitulazimisha kuweka kipande cha karatasi chini ya mkono tuandikapo. Tuliwacheka, nao walikuwa na haki.

Karatasi njema ina kasoro yake: wino wakauka polepole, kwa kuwa haunywewi. Mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto ataupangusa kwa kiganja kabla haujakauka. Huyo na achague ncha nyembamba, au achague karatasi ya katikati, isiyo laini kupita kiasi.

Rangi zenyewe zina tabia kama watu. Kahawia yapendeza juu ya karatasi ya rangi ya maziwa kuliko juu ya nyeupe kabisa. Herbin wanayo moja iitwayo Lie de Thé, masimbi ya chai, ambayo kwa ncha pana hutoa giza chini ya kila herufi na nuru juu yake. Bluu juu ya karatasi ya maziwa huvutwa kidogo kuelekea kijani. Aipendaye bluu safi atafute karatasi nyeupe. Kijivu chahitaji ncha pana, la sivyo chaonekana kama penseli. Njano na machungwa mepesi ni za kupigia mstari chini ya neno; barua nzima ya njano ni adhabu kwa msomaji, hasa yule asomaye jioni kwa taa. Wino mwingine una mng'ao: ni bluu, lakini mahali ulipojikusanya wang'aa wekundu, kama shingo ya njiwa. Mwaka 2010 Herbin walitoa mwekundu, Rouge Hématite, wenye mng'ao wa kijani na dhahabu. Mng'ao huo huzaliwa pale tu wino ukaukapo juu ya uso wa karatasi. Katika kaye inywayo hutauona hata kidogo, na fedha uliyolipa kwa ajili yake imepotea bure.

Wajapani wamelifikisha jambo la rangi mbali kuliko wote. Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulipigwa na tetemeko kubwa la nchi, na watu zaidi ya 6,000 walikufa. Baadaye nyumba ya Nagasawa, iuzayo vifaa vya kuandikia katika mji huo, ilianza kutoa wino zenye rangi za mahali pa mji: kijani cha mlima Rokko, bluu ya gati la bandari, na nyingine nyingi, kila moja ikibeba jina la mtaa au kilima. Mwenyeji wa Kobe aliye mbali na kwao aweza kuandika barua kwa rangi ya mlima wa nyumbani. Nimejiuliza mara nyingi sisi tungechagua nini: udongo mwekundu wa Lubumbashi, kijani cha malakiti ya Katanga, au maji ya Kivu asubuhi kabla ya upepo, ambayo sijui kama ni bluu au ni kijivu. Mtakaotaka kunijibu hilo, nijibuni.

Je, ni utoto? Hapana, lakini rangi husema jambo hata kabla ya neno kusomwa. Mwaka 470 Kaisari Leo wa Konstantinopoli alitoa sheria kwamba wino wa zambarau wa kifalme ni wa kutia sahihi yake yeye peke yake. Mansfield Smith-Cumming, mkuu wa kwanza wa upelelezi wa Uingereza wa nchi za nje tangu 1909, alitia sahihi kwa kijani, na waliomfuata wameishika desturi hiyo. Katika wizara za Ujerumani kijani ni cha waziri. Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Oxford, aliandika kwa zambarau miaka mingi baada ya 1870. Mshairi Pablo Neruda wa Chile alipenda kijani. Nyekundu tumeizoea katika misale, ambamo maneno mekundu yamwonyesha padri la kufanya na meusi la kusema. Neno rubrika latoka katika jina la Kilatini la udongo mwekundu. Tumeizoea pia katika daftari lililosahihishwa. Kwa hiyo usimwandikie baba mkwe wala shangazi kwa nyekundu: atasoma lawama hata kama umeandika salamu. Kwa violeti, kahawia au kijani kizito, barua kwa rafiki, kwa dada, kwa mchumba, ni heshima, kwani yaonyesha kwamba umekaa na kufikiri.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, kwani neno lililobaki ni zito zaidi. Rangi hizi nzuri za lami ya makaa zina adui wawili, mwanga na maji. Mchoraji Vincent van Gogh alichora mwaka 1888 michoro kadhaa kwa wino wa zambarau. Leo katika baadhi ya michoro hiyo zambarau imegeuka kahawia. Maji ni mabaya zaidi. Nilipata kuona cheti cha ubatizo cha binti mmoja, ambacho karani fulani alikijaza kwa violeti, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza. Paa la nyumba yao lilivuja, sanduku likaingia maji. Juu ya karatasi ilibaki mistari iliyopigwa na mashini ya chapa, pamoja na muhuri; mahali pa jina la binti, la baba na la mama palikuwa na wingu la urujuani hafifu. Alikuwa akitaka kufunga ndoa. Kilichomwokoa ni kitabu cha parokia yake ya kwanza, mwendo wa siku mbili, ambacho padri wa zamani alikiandika kwa wino wa bluu-nyeusi.

Wino huo wa bluu-nyeusi ni ndugu wa wino wa kale kabisa wa Ulaya. Huchukua viuvimbe ambavyo wadudu huviotesha juu ya mti wa mwaloni, salfeti ya chuma, gundi ya mti wa mgunga na maji. Ukiandika huonekana hafifu, kisha hewa yaufanya kuwa mweusi ndani ya nyuzi za karatasi, na maji hayauondoi. Biblia ya Kigiriki iitwayo Codex Sinaiticus, ya karne ya 4, iliandikwa kwa wino wa namna hiyo na yasomeka hata leo. Huko Uingereza waandikishaji wa ndoa waliutumia katika vitabu vyao mpaka vitabu hivyo vilipoachwa kwa mashini mwezi wa Mei 2021. Lakini nao una ubaya wake: chuma na asidi vikizidi, wino hula karatasi. Misa ya Bach katika B ndogo, iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe na kuwekwa katika maktaba ya serikali ya Berlin, imetobolewa na wino wake. Wino za chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya stilo siku hizi, kama bluu-nyeusi ya Pelikan, zina chuma kidogo tu. Msithubutu, hata hivyo, kutia ndani ya stilo wino mweusi wa wachoraji, uitwao wino wa China, ambao una masizi na mara nyingi gundi. Utaganda ndani, na kalamu imekwisha.

Basi, ndugu mwanafunzi, violeti yako iweke kwa barua, kwa shajara yako, kwa nukuu za darasani, na kwa insha ikiwa mwalimu wako aruhusu. Fomu ya mtihani yasema rangi gani yatakiwa, ifuate. Cheti, mkataba wa shamba, risiti ya mkopo, orodha ya mahari iliyotiwa sahihi na wazee wa pande mbili, na kila karatasi itakayosomwa wewe usipokuwapo, viandikwe kwa bluu-nyeusi. Kama huna, kalamu ya Bic nyeusi yafaa kuliko wino wo wote uoshekao.

Neno moja la kazi. Usitie rangi mpya juu ya iliyobaki ndani ya stilo, kwa kuwa wino mbili za viwanda viwili zaweza kugombana na kufanya matope. Osha kwa maji baridi, wala si ya moto, ukiyavuta na kuyatoa tena na tena. Nyekundu na bluu ya feruzi zakawia kutoka kuliko zote. Usiiache kalamu na wino ndani kwa likizo nzima. Maji yakitoka safi mara mbili mfululizo, ifungie stilo katika kitambaa, ncha ikielekea chini, na kesho yake utie rangi yako.